Mgeni wa Mguuni

Harufu ya udi ilimpokea Zuleika mlangoni, akaingia haraka. Ndani, mama yake, Bi Aminah, alikuwa ameushusha mguu kutoka juu ya mito na kulegeza bendeji. Chini ya mguu huo chetezo kilikuwa kikifuka moshi taratibu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nampokea mgeni," akajibu Bi Aminah bila haya. "Ametoka pajani, amehamia mguuni, hamjui mtu. Akae tu gizani, hata kufukizwa asifukizwe?"

Zuleika aliondoa chetezo, akaurudisha mguu juu ya mito, akafunga bendeji. Alikuwa mwalimu wa wauguzi, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwili hausikii nasaha. Maji ya moto yalipouunguza mguu wa mama yake, na kidonda kikagoma kufunga, hakulia, alisoma. Daktari Oryem alikuwa ametandika juu ya kidonda kipande chembamba cha ngozi ya paja, akasema bila kuficha: kikishika, mguu umepona; kisiposhika, huenda ukakatwa.

"Sikiliza, Mama. Ngozi hiyo ni seli zilizobanana safu kwa safu, kama watu kwenye swala. Haina damu yake. Siku za kwanza inakunywa majimaji ya kidonda tu. Kisha mishipa myembamba kuliko unywele inachipuka kutoka chini, inaingia ndani yake. Ukiutikisa mguu, inakatika. Tena haina hisia, ungeungua usijue."

"Kumbe inakunywa kwanza?"

"Ndiyo."

"Halafu ndipo inashikana na wenyeji?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tumesema jambo moja, ila wewe umelisema kwa ukali."

Bi Aminah akaendelea, macho yake kwenye chetezo. "Tuliporudi Uganda kutoka Sudan baada ya vita, tulikuwa wembamba kama hiyo ngozi. Yule mama aliyetupokea mjini Bombo hakutuuliza tumetoka wapi wala tumebeba nini. Alitupa maji, akatufukiza, akatulaza. Maswali yalikuja baadaye."

Zuleika alikuwa mtoto siku ile. Alikumbuka joto la moshi chini ya shuka, na mkono wa mtu asiyemjua ukimsugua mgongo. Hakuna kitabu chake kilichokuwa na sura ya jambo hilo. Asubuhi iliyofuata aliwasha udi mwenyewe, akauweka dirishani, mbali na mguu.

Siku ya kufungua bendeji ilipofika, Daktari Oryem alibandua shashi pole pole, huku akiilowesha. Ngozi ilikuwa ya waridi, isipokuwa pembeni, palipokuwa na doa jeusi la ukubwa wa ukucha. Alibonyeza katikati kwa kidole. Pakawa peupe, kisha wekundu ukarudi.

"Damu imeingia. Imeshika," alisema. "Hapa pembeni pamekufa, lakini majirani watapafunika. Bendeji ilisogea?"

Bi Aminah alilitazama dari kama mtu anayehesabu mbao zake.

"Ilisogea," Zuleika alisema. "Sikuwepo kuishika."

Mama yake alimbana kidole kidogo chini ya shuka.

Wiki zikapita, bendeji ikaondoka kabisa. Jioni moja, barazani kwao Makindye, Bi Aminah alinyoosha mguu, akafumba macho.

"Hebu niguse, nione kama mgeni amenizoea."

Zuleika alinawa mikono, akakiweka kiganja juu ya ngozi mpya. Ilikuwa laini, na ilikuwa na joto. Alijua kwamba neva za hisia hufika za mwisho, baada ya miezi, na nyingine hazifiki.

"Umeshanigusa?"

Aliutazama uso wa mama yake, ulioinuliwa kidogo, ukisubiri.

"Bado, Mama," alisema, na mkono wake haukuondoka.