Kibali cha Wachuka

Wachuka ana bati. Niliseme hilo kwanza, kwa sababu kila mtu hapa kwetu juu ya Karatina hulisema kwanza. Akina mama wa kanisa tulichanga, zamu ikamfikia yeye kabla yangu, kisha michango ikafa. Tangu siku hiyo nyumba yake inameremeta hata wapita njia huuliza ni ya nani. Yangu ni ya nyasi, na inavuja. Tumetenganishwa na mstari wa maua ya mpaka tu. Mvua ikinyesha nasikia bati lake likipiga kelele, na roho inaniuma. Wanaohubiri kwamba wivu ni dhambi wote wana mabati.

Mwaka huu kahawa ndiyo ingenipa langu. Mume wangu Ngatia, anayefanya kazi Nakuru, alisema wazi kwamba mavuno haya ni ya paa. Miti ilikuwa imezaa mpaka matawi yakainama. Kisha mvua ya masika ikakataa kuisha, na ule ugonjwa wa matunda ukapanda kutoka upande wa Murang'a. Leo unaona doa jeusi kwenye tunda la kijani, wiki haijaisha tunda limeoza na kuanguka.

Dawa tuliyoizoea ilishindwa. Serikali ikaleta nyingine, kali, ya dharura, ikafungiwa stoo huko Nyeri. Haiuzwi dukani. Huipati bila kibali, na kibali huandikwa na bwana shamba akishauona ugonjwa kwa macho yake. Chifu alitangaza barazani kwamba Alhamisi Bwana Khisa angepita upande wetu kuandika vibali, mara moja tu kwa msimu huu.

Jumatano nikachungulia ng'ambo ya maua. Shamba la Wachuka lilikuwa aibu tupu. Magugu yamefika magotini, matunda meusi yametapakaa chini, mengine yamekauka mtini. Na yeye amekaa mlangoni anakunywa chai! Nikasema moyoni, kesho mgeni wa serikali atatuona mimi na huyu siku moja. Bati ataliona, sawa, lakini ataona pia nani ni mkulima.

Tena mama yangu alinifundisha kwamba mgeni hakaribishwi penye uchafu. Nikaingia shambani na gunia. Nikachuma kila tunda lenye doa, nikaokota yaliyoanguka, nikachimba shimo nyuma ya migomba nikayafukia. Nikapalilia. Nikafagia chini ya kahawa kama unavyofagia uwanja siku ya harusi. Mgongo ulikataa kunyooka, lakini nilikuwa nacheka peke yangu.

Bwana Khisa, mtu mrefu wa kutoka Bungoma, alifika na pikipiki yake akaingia kwangu kabla ya kwa Wachuka.

"Mama, hii ni shamba ama ni kanisa?" aliuliza. Akafunua matawi, akachutama, akainuka. "Sijaona doa hata moja. Kutoka asubuhi, ni wewe peke yako."

"Ni kufanya kazi tu, Bwana Khisa," nikasema kwa sauti, ili upande wa pili wasikie.

Akanipa mkono, akavuka maua ya mpaka. Kwa Wachuka alitikisa kichwa, akatembea kidogo, akatikisa tena. Kisha akaandika, akagonga muhuri, akampa karatasi.

Sijui miguu ilinifikishaje pale.

"Na yangu?"

"Yako ya nini, mama? Kibali ni ya shamba iko na ugonjwa. Wewe utanyunyizia nini?"

Shimo lilikuwa pale pale nyuma ya migomba. Neno moja lingetosha. Nikamwangalia Wachuka, na yeye ananiangalia kwa huruma. Alikuwa ameniona na gunia tangu asubuhi ya jana.

"Mwambie, Mama Moffat," akasema polepole. "Mficha uchi hazai."

Angenyamaza! Pengine ningesema. Lakini nifunguliwe mdomo na Wachuka, mbele ya mgeni, na kibali kiko mkononi mwake?

"Nimwambie nini?" nikasema. "Shamba yangu haina shida."

Majani ya kahawa ya Wachuka yakageuka buluu kwa dawa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonea wivu rangi ya buluu. Kwangu madoa yalirudi, nami nikarudi na gunia, nikachuma na kufukia. Jioni moja Wachuka aliniita kutoka mpakani.

"Mama Moffat, dawa imebaki kwa bomba. Wacha nipitishe hapo kwako kidogo. Nani ataona?"

"Kibali iko na jina yako," nikamjibu. "Kama imebaki, nyunyizia bati."

Mwezi uliofuata Bwana Khisa alileta wakulima, hata wa Kutus na Kianyaga, waone shamba langu la mfano. Nilikuwa nimechuma tangu alfajiri. Wakasifu, wakauliza siri yangu, nikatabasamu. Mzee mmoja, Kahiga, akauzunguka mti, akainua tawi, akaliachia.

"Safi kweli kweli," alisema. "Na kahawa iko wapi?"

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Bwana Khisa naye alicheka, kisha akaacha. Akainua tawi la pili, akainua la tatu. Zawadi alikuwa ameshaibeba kwenye pikipiki, akanikabidhi bila hotuba. Ilikuwa karai ya bati, mpya, inayong'aa.

Wakati wa mavuno Wachuka aliita watu wamsaidie kubeba kahawa yake mpaka kiwandani. Yangu niliibeba peke yangu, na sikuhitaji kupumzika njiani. Krismasi Ngatia alikuja, akaangalia nyasi, akaniangalia mimi, akaomba chakula.

Leo mvua imeanza tena baada ya chakula cha mchana. Nimeweka karai chini ya pale panapovuja. Tone likianguka linalia sauti ya bati kabisa, ukifumba macho. Wachuka alikuja kuomba chumvi, akaiona, akasimama.

"Karai nzuri," akasema. "Hata mimi sina."

Alisema kwa kunihurumia, najua. Lakini hana.