Harusi Isiyo na Pa Kuegesha

Duane Halvorson alikuwa mtu mwema, na kaskazini mwa Iowa hakuna atakayekubishia. Lakini kumwomba usukani wa gari-nyumba lake ilikuwa sawa na kumwomba figo. Tangu astaafu kulima mahindi, miaka sita sasa, mkewe Marlys hakuwahi kulisogeza gari lile hata urefu wa kiatu.

Kazi ya Marlys ilikuwa kusimama nyuma. Kila kambi waliyofika alishuka, akajiweka mahali ambapo Duane angemwona kwenye kioo, akapunga mikono: rudi, rudi, kushoto, basi. Na kila mara Duane alikanyaga breki, akashuka, akaenda kujionea mwenyewe, kisha akapanda tena. Majirani walitoa viti nje wapate kutazama, kwani watu wa kambini hupima ndoa za wenzao hivyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mkewe hukwaruza bampa, na Duane alishakwaruza tatu.

Safari hii hawakuwa wakienda kambini. Binti yao wa pekee, Kirsten, alikuwa anaolewa Chicago saa nane mchana, katika ukumbi mdogo wa vioo uliojaa maua. Maharusi walikuwa wameukodi kwa nusu saa tu, maana saa nane na nusu ilikuwa zamu ya maharusi wengine. Kirsten aliwasihi kwenye simu waliache gari nje ya mji, wapande treni. Duane alikataa. Mama yake, Bibi Ardis, alikuwa na miaka themanini na tisa na magoti yasiyotaka kusikia habari za ngazi za stesheni.

Marlys hakubishana. Alitaka jambo moja tu, amwone mwanawe akiolewa, kwa macho yake mawili. Mtoto huyo alimzaa akiwa na miaka arobaini na moja, baada ya ukoo mzima kukata tamaa kwa niaba yake.

Saa saba na robo walikuwa katikati ya jiji, Bibi Ardis amefungwa mkanda kwenye meza ya nyuma, bakuli la saladi ya viazi mapajani. Mbele yao likatokea daraja la reli, limeinama juu ya barabara, na kibao chake: futi kumi na mbili.

"Duane, simama."

"Tunapita. Gari ni futi kumi na moja na inchi tisa." Akagonga kikaratasi alichokibandika mwenyewe juu ya usukani.

"Ulikiandika lini hicho?"

"Siku tuliyonunua gari."

"Na kiyoyozi ulichokipandisha juu ya paa mwezi wa nne, umekijumlisha?"

Mguu wa Duane ndio uliojibu, gari likasimama hatua kumi kutoka darajani, na saladi ikateleza hadi ukingoni mwa bakuli.

"Mimi kizee nakikumbuka kiyoyozi," alisema Bibi Ardis kutoka nyuma. "Yeye aliyekipandisha ndiye kasahau."

Kwenda mbele haikuwezekana, na kugeuza hapakuwa na nafasi. Ilibidi warudi kinyumenyume mpaka njia panda, kati ya magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, na nyuma yao foleni ilishaanza kupiga honi. Marlys akashuka na gauni lake la zambarau na viatu vya harusi vilivyombana vidole. Alikwenda gari moja hadi lingine, akiomba radhi na kuwasihi madereva warudi nyuma.

Dereva mmoja wa lori la mikate akachungulia. "Mama, mmetoka wapi na jengo lote hili?"

"Iowa."

"Huko hakuna madaraja?"

"Yapo. Ila sisi hupita juu yake."

Yule dereva akacheka, akashuka, akaanza kuwasimamisha wenzake kama askari wa barabarani. Marlys akajipanga kwenye kioo cha kushoto, akapunga mkono. Gari likarudi mita tatu, likasimama. Mlango ukafunguka, mguu wa Duane ukatokeza.

"Ukishuka, Duane, mimi nakwenda harusini kwa miguu."

Mguu ukaning'inia kidogo, ukarudi ndani.

"Haya, rudi. Rudi. Kushoto kidogo. Kidogo nimesema, hulimi hapa."

Alirudi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alirudi kwa macho ya mkewe peke yake, vioo vya magari ya watu vikipita karibu kabisa na ubavu wake, na hakugusa hata kimoja. Marlys angefurahi sana, lau saa isingekuwa ikikimbia. Walipofika njia panda ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Kisha wakazunguka kutafuta barabara isiyo na daraja, taa nyekundu kila kona, na walipofika ukumbini ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano.

Maharusi wengine walishaingia. Kirsten alikuwa nje, amesimama na gauni jeupe kando ya barabara. Pembeni yake alikuwapo Marek mchumba wake, pamoja na mama yake Marek, na rafiki yao Denise aliyekuwa na kibali cha kufungisha ndoa. Kirsten alikataa kuingia bila baba wa kumsindikiza, na sasa macho yalikuwa mekundu.

"Baba, nilikuambia treni."

"Najua, mwanangu. Nimekosa," alisema Duane. Marlys alimtazama vizuri, maana neno hilo halikuwa na mazoea na mdomo wake.

Askari akagonga dirisha. "Hapa hamsimami. Ondoeni."

"Ninyi mnalia nini?" Bibi Ardis akapaza sauti mlangoni. "Ukumbi si huu hapa? Una meza, una choo, na saladi ipo. Pandeni, muoane humu humu likitembea."

Kirsten alimtazama Marek, Marek akaanza kucheka, na wote wakapanda. Ikabaki shida moja: gari haliwezi kusimama, na baba hawezi kumsindikiza bibi harusi huku ameshika usukani. Duane aliliona hilo kabla ya mtu kulisema. Akainuka kwenye kiti chake.

"Marlys. Kaa wewe."

Marlys akakaa, akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo.

"Breki ni nzito kidogo, na ukikata kona..."

"Duane, nenda kwa mwanao."

Akaliondoa pole pole. Akazunguka mtaa mara ya kwanza, akazunguka tena. Nyuma yake Duane alimtoa Kirsten mlangoni mwa chumba cha kulala, hatua nne hadi mezani, wote wakiyumba kila kona na kushikana mabega. Marlys aliyasikia yote. Alichokiona ni barabara, na kwenye kioo kiwiko cha mkono wa mtu pamoja na kofia ya Bibi Ardis. Maili mia nne amekuja, na katika gari zima yeye ndiye pekee aliyeipa harusi mgongo.

Taa ikawa nyekundu, akasimama. Denise akasoma maneno ya Marek, Marek akakubali. Taa ikawa ya kijani.

"Na wewe, Kirsten," Denise akaanza.

Marlys akavuta breki ya mkono. Akafungua mkanda, akainua kishikio kilicho chini ya kiti, na kiti chote kikazunguka naye mpaka akawatazama uso kwa uso. Nyuma honi zikalipuka, moja, tano, kumi.

"Marlys, taa ni ya kijani," alisema Duane.

"Naiona. Denise, endelea, mama. Usiharakishe."

Denise akarudia swali lote tangu mwanzo. Kirsten alimshika Marek mikono, lakini macho aliyaelekeza mbele, kwenye kile kiti, kwa mama yake aliyekuwa analia bila kujifuta.

"Ndiyo," akasema. "Nimekubali."