Mbeleko ya Msambi

Nimpaye alikuwa na mwenzake mmoja tu wa kurudi naye Burundi, na mwenzake huyo alikuwa ndege mwenye miguu mirefu na taji la manyoya ya dhahabu. Alikuwa msambi, korongo aliyemwokota angali kinda bondeni, mwaka ule ule alipomzika mumewe katika kambi ya wakimbizi ya Keza. Sasa safari ilikuwa imebakiza wiki tatu, na karani wa magari ya kuwarudisha wakimbizi alikwisha kusema kwamba mnyama au ndege asiyefungwa hapandi.

Kwao Nimpaye, msambi wa nyumbani hukatwa manyoya ya mabawa. Yeye moyo ulimkataa; alimwacha aruke jioni na kurudi mwenyewe. Basi akamfunga mguu, kama kila mtu afungavyo kuku wa sokoni. Ndege akaruka, kamba ikamvuta, akaanguka kifudifudi. Mguu ule mwembamba uliponea chupuchupu, na Nimpaye akalia kwa hofu na aibu.

Alikimbilia kwa Bibi Verediana, Mhangaza mwenyeji wa pale aliyempa kipande cha shamba cha kulima, akamwamkia shikamoo. Bibi aliitazama kamba kwanza.

"Marahaba," alisema. "Mtoto ukimbeba unamfunga mguu? Mbeleko inapita kwapani, na shingo haiguswi."

Wakachana kitenge kikuukuu, wakashona mikanda miwili ya kupita mbele na nyuma ya mabawa na kukutana mgongoni, ikimkaa kiasi cha vidole viwili kupenya chini yake. Siku za kwanza mbeleko hiyo ililazwa tu kwenye ungo wa mtama, ndege akala juu yake. Kisha ikawekwa mgongoni kwa muda wa kumeza punje tano. Akichachamaa, inaondolewa, haraka haraka haina baraka. Naye alikuwa na maringo ya bibi harusi: leo anakubali, kesho anamdonoa Nimpaye mpaka damu. Usiku hakulala nayo kamwe. Wiki ya tatu alianza kuinamisha kichwa mwenyewe ili avishwe.

Asubuhi ya safari, foleni ikiwa imejaa magodoro na masufuria, misambi wa porini wakapita juu wakilia. Wa Nimpaye akafungua mabawa, akapaa. Nimpaye aliiachia taratibu kamba ndefu iliyofungwa kwenye mbeleko, akiogopa asije akamkatiza kwa ghafla. Ndege akazunguka juu ya magari, mara moja, mara mbili, jua likiwaka kwenye mabawa yake meupe. Foleni nzima ikainua macho. Wanawake wakainua mikono polepole, wakaitandaza, kama wanavyocheza kwao ngoma ya kumwiga msambi. Nimpaye alistaajabu mpaka akasahau kuogopa. Hakujua kwamba miaka yote ile alikuwa akiishi na kitu kikubwa namna hii.

Kisha ndege akashuka, hakuvutwa na mtu, akasimama ubavuni pake na kukunja mabawa.

Karani aliikagua mbeleko na kamba. Halafu akashika kalamu, akauliza familia yake ni watu wangapi.

"Wawili," alisema Nimpaye.

Karani akamtazama msambi, akaandika wawili.