Bingwa wa Mchezo wa Mawe

Watoto wa darasa la pili walimpa mwalimu wao wa muziki jina la Mwalimu Njuga, maana hakuwa na hatua isiyokuwa na kelele: funguo kiunoni, manyanga kwapani, ngoma begani. Walimu wenzake walimteta kwamba hafundishi muziki, anacheza tu. Na kweli alikuwa anacheza. Mapigo aliyafundisha kwa kuruka kamba, sauti za juu na za chini kwa kupanda na kushuka ngazi za ukumbi, na usikivu kwa mchezo wa mawe. Ngoma ikilia, chezeni. Ikinyamaza, muwe mawe. Atakayetikisika, nje.

Bingwa wa mawe alikuwa Chiriku, binti wa miaka saba aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Muhula mzima hakutolewa hata mara moja. Ngoma ikikatika, wenzake mguu mmoja bado uko hewani, yeye keshaganda, macho kodo kwa mwalimu. Mwalimu Njuga alimpenda mtoto huyo, tusifichane. Kila mwalimu ana wake, na anayesema hana ni mwongo.

Sasa, wiki ya kwanza ya muhula, Chiriku akiwa keshaanza kushinda mawe, mama yake alikuwa amefika shuleni. Ni fundi cherehani, na alikuja na tepu ya kupimia ingali shingoni, kwa vile alikuwa ameiba dakika kumi za kazi. Alieleza kwamba mtoto alitokwa usaha masikioni, ukakauka wenyewe, lakini tangu hapo akiitwa haitiki, na akiongea anapaza sauti kama anagombana na mtu. Alitaka kujua kama ampeleke hospitali. Mwalimu Njuga akacheka. Angeacha kucheka vipi, mtu anayejiona ndiye mwenye elimu ya masikio shule nzima?

“Mama Chiriku, masikio ya mtoto huyu mimi nayaonea wivu,” alimwambia. “Anasikia kuliko darasa zima. Akiitwa asiitike, huo ni ukaidi tu.”

Mama akashukuru sana, akarudi kwenye cherehani yake roho imetulia. Hospitali haikutajwa tena.

Muhula ulipokaribia kwisha, mchezo ulikuwa umezoeleka, na mwalimu akaamua kuuongezea ugumu. Aliwaonyesha kwa viganja: leo tunacheza tumefumba macho. Watoto wakafumba, akapiga ngoma, wakarukaruka kwa furaha zao. Akanyamaza ghafla. Watoto thelathini wakawa mawe. Chiriku peke yake aliendelea kucheza katikati yao, anazunguka, anatabasamu, kiuno hakina habari.

Mmoja akachungulia, akacheka, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alidhani ni utani. Akamwita. Akasogea nyuma yake, akamwita tena, kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa darasa la jirani atokeze kichwa mlangoni. Chiriku alikuwa bado anacheza.

Hapo Mwalimu Njuga aliishusha ngoma begani. Alikumbuka kwamba kila anapotaka kukatisha ngoma, bega lake la kulia hupanda kidogo. Ndilo mtoto alilokuwa akilitazama siku zote. Jamani, bingwa wake alikuwa anashinda kwa macho.

Chiriku alipelekwa hospitali; daktari alimpima, akarudia kumpima. Alisema walikuwa wamechelewa mno. Wangekuja muhula ulipoanza, dawa zingeokoa japo sikio moja. Habari hizo Mwalimu Njuga alizipata kwa mwalimu mkuu, na siku tatu zikapita. Aliogopa kwenda kwa yule mama, lakini aliogopa zaidi mama asije akajilaumu kwa kosa lisilo lake. Siku ya nne akaenda.

Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo, sare za shule zimening'inia ukutani, sakafu imejaa vipande vya kitambaa. Chiriku alikaa chini akitenganisha vifungo kwa rangi. Mwalimu alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, bila kujitetea hata kidogo.

“Nilijivunia mtoto, nikaacha kumwangalia,” alimalizia. “Mimi ndiye niliyekuzuia kumpeleka hospitali. Nilaumu mimi, mama Chiriku.”

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. Laiti angefoka, ingekuwa nafuu.

“Hilo la hospitali ningekusamehe, mwalimu,” alisema. “Hata madaktari hukosea. Lakini uliniambia ni ukaidi, na mimi nikakuamini. Kila nilipomwita asiitike, nilimchapa. Nimemchapa muhula mzima.”

Mama alianza kulia huku ameuma midomo, machozi yakidondokea sketi iliyokuwa chini ya sindano. Chiriku aliinua kichwa, akauona uso wa mama yake, kisha akamtazama mwalimu. Aliviacha vifungo, akainuka, akaja akasimama mbele ya mama yake. Bila kuambiwa na mtu, akanyoosha viganja vyote viwili, akangoja kuchapwa.