Kabla Jaji Hajaingia

…na nimezima sauti upande wangu wa simu, hivyo wanadhani sijaingia, nawasikia tu, Dorrie, karani wa Jaji Lindqvist, na Renata Kowalczyk, wakili wa upande wa pili, wakiilalamikia barafu ya ziwani iliyogoma kuyeyuka na Aprili ndiyo inaisha, ningepaswa kusema nipo, neno moja tu, lakini Renata anashusha sauti, “Mimi leo simbani Everett, Dorrie, mtu kamzika mkewe Februari,” na Dorrie, “Hata jaji kasema tusimkazie, maskini,” maskini, ndivyo nilivyo sasa hapa mjini Duluth… jaji huyu hataki maombi ya kurasa arobaini mawakili wanapogombania nyaraka, anataka barua ya ukurasa mmoja kila upande, kisha simu ya robo saa, na sharti moja, kwamba kabla ya kumsumbua tuwe tumezungumza wenyewe, kwa mdomo, kama watu wazima, nasi hatukuzungumza, Renata alipiga mara mbili nikaitazama simu ikilia mpaka ikachoka, nikaandika kwenye barua yangu kwamba tulizungumza, naye akanyamaza, kwa huruma, uongo wangu akaufanya wake… na chini yake ile sentensi nyingine, nimepekua kwa makini, daftari la zamu la wauguzi halipo. Lipo. Limo kwenye droo kando ya goti langu, mteja wangu, makao ya wazee yanayoshtakiwa, alilileta wiki ya mazishi, nikalifungua kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na nilitaka maandishi ya mtu yeyote, nikasoma kwamba Bi Aho wa chumba cha tisa alibonyeza kengele saa kumi na dakika tano alasiri, na dakika kumi na mbili, na ishirini, mara saba, hakuna aliyekwenda, kisha wakamkuta sakafuni, amekufa, na sikukiona chumba cha tisa, nilimwona mke wangu Maren hospitalini akisema Everett, maji, na mimi nikisema subiri mpenzi, namalizia barua, barua ya nani hata sikumbuki, nilipoinua macho… nikalifunga daftari. Sikuwa namlinda mteja, hilo lingekuwa kosa la kawaida ya kazi, nilijilinda mimi, nisisome zaidi, kisha nikaitandika huzuni juu yake, nani angethubutu kuifunua… “Na lile daftari?” anauliza Dorrie, “Naliacha, Everett akisema halipo basi halipo, yule kudanganya hajui, akivaa soksi za rangi mbili anakiri mwenyewe mahakamani,” wanacheka, kicheko chema, “tatizo ni mteja wangu Tuula, binti wa Bi Aho, kila siku swali lile lile, mama aliita au hakuita, nitamwambia hatutajua,” hatutajua, abaki akijiuliza maisha yote, mimi angalau najua, niliitwa, kwa jina, nikasikia, ni zito lakini ni langu, nani kanipa haki ya kumnyima Tuula la kwake… Dorrie anasema dakika mbili tu, jaji anamalizia simu nyingine, akiingia, Renata ataliacha, kwa ajili yangu, na itaandikwa kwamba suala la daftari limekwisha, kidole kiko kwenye kitufe cha sauti, Maren angesema unangoja nini… hapana, sijui Maren angesema nini, nisimtie maneno mdomoni, nimekwisha kumtumia vya kutosha, nabonyeza. “Renata, ni Everett. Nilikuwapo muda wote. Tuzungumze kabla jaji hajaingia. Daftari ninalo.”