Blanketi la Mama Mkwe

Siku hizi Goma, kijana akitaka kuoa, usimuulize kama ana nyumba wala kazi. Muulize kama ana blanketi. Tena si blanketi lolote: liwe la akriliki, zito la kuchosha mkono, lenye manyoya pande zote mbili na waridi kubwa katikati. Zamani mama mkwe alipewa lile la kijivu, jembamba, la kuwasha ngozi, akashukuru na kulitumia mpaka likageuka tambara la kupigia deki. Siku hizi wakwe wasiojua kusoma hata herufi moja wanageuza lebo na kulitafuta neno lenyewe. Akriliki imeingia hadi sebuleni, kwenye makochi, kwenye mazulia, kwenye vitambaa vya kufunika televisheni. Kahambu hakulalamika, maana yeye ndiye aliyekuwa akiuza.

Kibanda chake kilikuwa Birere, karibu na mpaka, na mzigo aliofungua asubuhi ulikuwa haufiki jioni. Milio ya bunduki ikiwa karibu, watu walinunua; benki zikiwa zimefungwa, walinunua. Baridi haikuwasubiri, na wakwe pia hawakuwasubiri.

Kulikuwa na blanketi moja tu ambalo hakuliuza. Lilikuwa jekundu lenye maua meupe, na alilisukuma juu kabisa, nyuma ya maboksi. Wateja waliolionyesha kwa kidole aliwaambia limekwisha nunuliwa. Uongo mtupu. Charline, binti aliyemlea, alikuwa anaolewa na Benny, na familia ya Benny ingenunua wapi kama si kwake? Basi akawachagulia kabisa. Mwanamke huyo alijichagulia zawadi yake mwenyewe, akajiwekea, akakaa kungoja aletewe kwa vigelegele.

Na alikuwa na haki. Kwao blanketi la mahari halitolewi bure. Mtoto hukojolea mgongo wa mama na kitanda cha mama, na siku anapochukuliwa, wakwe huleta blanketi kwa ajili ya mikojo hiyo. Mikojo ya Charline, yote, ilimwangukia Kahambu. Sylvie aliyemzaa alimwacha hajajua hata kukaa, akapanda lori kwenda Butembo kufanya biashara kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kamate, baba wa mtoto na kaka yake Kahambu, alimleta mtoto kwa dada yake akiwa amezungushiwa taulo, akarudi kwenye shughuli zake. Volkano ilipomwaga moto katikati ya mji, Kahambu alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na Charline mgongoni, maji ya uvuguvugu yakimteremka kiunoni, na hayakuwa ya mvua.

Mama Pascasie, shangazi yake Benny, mwanamke mpole wa Rutshuru, alikuja kibandani siku chache kabla ya sherehe.

"Mama Kahambu, tumefika kwa ile kazi. Tunatafuta blanketi ya mama. Akriliki kabisa, isikuwe ile ya kutoa manyoya."

Kahambu akajifanya anafikiri. Akagusa hili, akagusa lile, halafu akapanda kwenye kigoda na kushusha jekundu kana kwamba ndiyo kwanza amelikumbuka.

"Hii unaiona aje?"

Pascasie akalipapasa, akalibandika shavuni. "Eh, hii ni muzuri! Mama Sylvie atafurahi sana. Banasema ameshafika Gisenyi, kesho anavuka."

"Nani?"

"Mama ya Charline. Papa Kamate njo alitutumia jina yake. Alisema wewe shangazi utapata kitenge na sufuria, vile desturi inaomba."

Kahambu alikuwa bado amesimama kwenye kigoda, na kwa muda hakujua namna ya kushuka. Angeweza kukataa kuuza. Angeweza hata kumfungia bovu, lile linalonyonyoka likifuliwa mara moja. Lakini Pascasie hakuwa amemkosea kitu, na aibu ya blanketi bovu ingemwangukia Charline. Akalikunja yeye mwenyewe, akalitia kwenye mfuko wake wa zipu, akapokea pesa bila kuzitazama. Halafu akafunga kibanda mchana kweupe, majirani wakabaki wanamwangalia, akapanda pikipiki mpaka Katoyi, kwa kaka yake.

Kamate alikuwa mezani, mkono kwenye ugali.

"Kamate, niko nakuuliza kitu moja. Huyu mutoto alikojolea nani?"

"Dada, usituletee matata. Wewe ni shangazi, na shangazi anapewa kitenge. Mama ni mama. Unataka bakwe baseme tunabapatia binti hana mama?"

"Hana mama?" Kahambu alirudia maneno hayo polepole. "Na mimi nilikuwa nini? Sufuria?"

"Sylvie mwenyewe njo alipiga simu. Aliona picha za vitu vya mahari ku WhatsApp. Alisema atakuja."

Hapo Kahambu akachemka. Kumbe ilikuwa picha! Sylvie alipoambiwa mtoto ana surua, barabara ilikuwa mbaya. Alipoambiwa mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa ada, alikuwa mgonjwa. Alipoambiwa mtoto amepata diploma, simu ilikuwa haina chaji. Sasa vita vimeifunga kweli barabara ya Butembo, na mama huyo amezunguka Uganda na Rwanda kwa basi, na kiuno chake hakikumuuma hata kidogo, ili aje avikwe blanketi la manyoya. Kama lingekuwa lile la kijivu la zamani, angekuja? Asingekuja. Kahambu aliyasema yote hayo kwa sauti, na nyumba tatu zilisikia.

Charline, aliyekuja kwa baba yake kwa maandalizi, akatoka jikoni, macho mekundu. "Mama, nakuomba. Papa amesema tukigombana mbele ya bakwe, ndoa itavunjika. Unyamaze siku moja tu. Mimi najua mama yangu ni nani."

"Basi useme."

Charline akainamisha kichwa. Hilo lilimuuma Kahambu kuliko Sylvie na Kamate kwa pamoja. Alimfundisha mtoto huyu kuongea, na leo mtoto amekosa neno. Akaahidi kunyamaza, akaondoka bila kuaga.

Siku ya sherehe, uani kwa Kamate kulifungwa mahema, vinywaji vikapangwa, nyama ikanukia mtaa mzima. Sylvie alifika akiwa amependeza, lazima kusema ukweli, viatu vinang'aa na kilemba kirefu. Akamrukia Charline, "Mutoto yangu! Mutoto yangu!" akalia machozi mengi. Charline alisimama wima, mikono chini, akasubiri amalize. Kahambu alikuwa kwenye safu ya mashangazi, kitenge chake kipya mapajani. Hakukifungua.

Zamu ya blanketi ilipofika, Mama Pascasie akalitoa kwenye mfuko, na wanawake wakaguna kwa kulitamani. Lakini kabla ya kulitandaza mabegani mwa mama, kwao huulizwa swali, na Pascasie akaliuliza kama inavyotakiwa:

"Mama, tunamuchukua mutoto yako. Utuambie: ni chakula gani inamushinda, ni ugonjwa gani inamusumbua, ili asitufie mikononi."

Sylvie akatabasamu. "Charline? Uyu ni mutoto wa nguvu, hana shida. Malaria ikimushika, mumupatie kinini tu, itaisha."

"Musimupe!"

Kahambu alikuwa amekwisha simama, kitenge kimeanguka chini. Ahadi aliikumbuka, lakini miguu ilikuwa imetangulia.

"Kinini itamuua! Alikuwa mudogo, bakamupiga sindano yake, koo ikavimba, midomo ikageuka bluu. Nilimukimbiza hospitali na miguu, kiatu moja ikabaki barabarani. Doktere aliniambia, siku ingine hautamufikisha. Benny, unasikia? Hata munganga akazane aje, hata akucheke, ukatae!"

"Kahambu! Ikala chini!" Kamate alisimama. "Kuna desturi hapa!"

"Desturi gani? Iko ya kulinda mutu, ao iko ya kulinda blanketi?"

Wazee wa pande zote mbili wakaanza kutazama viatu vyao. Sylvie alikuwa bado amenyoosha mikono, akisubiri.

Pascasie alisimama na mzigo wake mwekundu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa mgeni, na mgeni hakati kesi kwenye uwanja wa watu. Akalitandaza blanketi mabegani mwa Sylvie, kama alivyoagizwa na mwenye nyumba. Vigelegele vikatoka, vichache, vikaisha haraka. Kisha Pascasie akabeba kiti chake cha plastiki, akapita mbele ya wazee bila kuomba ruhusa, akakiweka mbele ya Kahambu.

"Na nini ingine, mama? Benny, kuya hapa, usikilize."

Benny akaja, akachuchumaa. Charline akamfuata, na vazi lake la harusi likaburuta vumbi jeusi.

Kahambu hakutaka kuongea. Alikuwa na hasira ya kumtosha mwaka mzima, na blanketi lake alilitaka, alilitaka hata dakika ile, wala hakuona aibu. Lakini kuna mambo ambayo kama asingeyasema yeye, hakuna mwingine chini ya mahema yale ambaye angeyajua. Akaanza. Akasema kwamba Charline akila fretin, vile visamaki vidogo, anawashwa mwili. Akasema kwamba akikasirika huwa hali kitu, na asilazimishwe, aachiwe chakula kimefunikwa atakula mwenyewe. Akasema analia usingizini tangu ile siku ya lava, na asiamshwe kwa kuitwa jina, apapaswe mgongo tu, ataacha.

Upande wa pili jua la mchana lilikuwa limefika kwenye viti vya heshima. Sylvie alikuwa anatiririka jasho ndani ya akriliki, na hakuna aliyemwambia kama anaweza kuvua.

"Asante, shangazi," Benny alisema. "Nimesikia yote."

"Si shangazi." Charline alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwa baba yake, na watu waliokuwa wanatafuna wakaacha. "Umuite mama mukwe."

Benny akainama, akamshika Kahambu mkono kwa mikono miwili.

"Asante, mama mukwe."

"Umechelewa kusema," Kahambu akamwambia Charline, akiwa bado amekasirika kabisa, machozi yanamtoka. Kisha akamgeukia Benny na kuendelea kumweleza namna ya kumwamsha asubuhi.