Vidole Ishirini na Vitatu

Kitu cha kwanza alichokiona Naliaka asubuhi hiyo ni kikombe cha Guka Kagwe. Saa nne ilikuwa imepita, uji ulikuwa umemiminwa mara mbili, na vikombe vyote vya wazee vilikuwa mikononi mwao au sakafuni kando ya viti. Cha Guka Kagwe, chenye uzi mwekundu kwenye kishikio, kilikuwa bado kimening'inia msumarini.

"Hatakuja," Mzee Kahiga alisema bila kuulizwa. "Mtu akishauza nyumba, arudi ndani kufanya nini?"

Wazee wachache walicheka, kicheko kikavu, kisha kila mmoja akarudi kwenye uji wake.

Nyumba yenyewe ni ukumbi wa mabati nyuma ya soko, hapo Ruiru. Siku za kazi, wazee ishirini na sita huletwa asubuhi na watoto wao. Baadhi huitwa Guka au Cucu, yaani babu au bibi kwa Kikuyu. Hunywa uji, hupimwa presha, hucheza drafti na kuchokozana mpaka jioni wanapokuja kuchukuliwa. Kaunti ndiyo hulipia uji na muuguzi. Msimamizi ni Tabby, mama mwenye sauti ya kanisani. Naliaka, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka upande wa Webuye, hupika, hufua, huwashika wazee mkono wakienda choo, na siku nzima husema maneno ambayo ungeweza kuyahesabu.

Siku mbili kabla, barua ilikuwa imekuja. Tabby aliisoma akiwa amesimama katikati ya ukumbi. Kamati ya kaunti ilikuwa imeamua kufunga nyumba ya Ruiru mwisho wa mwezi na kuiunganisha na ile ya Thika, upande wa Ngoingwa. Gari lingewachukua wazee mara mbili kwa wiki. Na wazee wenyewe, barua ilisema, walikuwa wamekubali. Kati ya ishirini na sita, ishirini na watatu walikuwa wametia kidole kwenye fomu ya makubaliano.

"Ati nani ametia?" Cucu Wangeci aliinua kidole gumba chake juu. "Changu hiki hapa. Hakijatoka bila mimi."

"Uliza yule anayejua kuandika," Mzee Kahiga akasema.

Wote wakageuka kumtazama Guka Kagwe. Yeye ndiye mzee pekee pale aliyesoma. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Binti yake anaishi Ngoingwa, na aliwahi kusema mbele ya watu kwamba nyumba ya Thika ina bustani nzuri. Tena, siku maafisa walipokuja kukusanya maoni, hakuwepo. Alisema alikuwa hospitalini kuangaliwa macho.

"Mimi?" Guka Kagwe aliuliza. Alingoja mtu mmoja amtetee. Akachukua kofia yake na fimbo yake, akatoka.

Naliaka alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi. Alijua ni nani aliyetia vidole vile. Alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Wazee wengi wa pale walichuma kahawa na kuvuna mananasi tangu utotoni, na kazi ile ilikuwa imewala ngozi ya vidole. Ukimtia Cucu Wangeci wino na kumgandamiza kwenye karatasi, linatoka doa tu, kama tone la chai. Naliaka ndiye aliyegundua njia. Huloweka kidole kwenye maji ya moto kiasi, hukipaka mafuta kidogo, hukifuta, kisha hukiviringisha polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo mistari hutoka, hafifu lakini hutoka. Tangu siku hiyo, mgeni yeyote akija na karatasi, wazee humwita yeye.

Na wageni huja na karatasi mbili. Ndiyo desturi. Moja ni ya waliofika, nyingine ni ya waliopewa soda na mkate. Kwa hiyo, siku ile ya maoni, afisa mmoja kijana, Makau, alipompa karatasi nyeupe na karatasi ya manjano, Naliaka hakushangaa. Makau alikuwa ameeleza mbele ya wote kwamba ile ya manjano ni ya wanaokubali kuhamia Thika, na asiyekubali aache wazi. Lakini alieleza wakati Naliaka akiwa jikoni akikata mikate, na wazee wenye masikio mazito walikuwa wakiitazama soda. Tabby alikuwa nje akiwasindikiza wakubwa.

Alipofika mwisho wa karatasi ya kwanza, aliitazama ile ya manjano. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, yamebanana. Mstari wa juu ulikuwa mrefu kuliko ule wa karatasi za mkate. Hilo aliliona. Makau alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, akiongea kwa simu. Ilibaki amguse bega na kumuuliza. Hakumgusa. Alichovya kidole cha mzee wa kwanza kwenye maji, na wazee wakampa mkono mmoja mmoja kama siku zote, wakidhani ni cha mkate.

Sasa alijua alichokifanya, na alijua kitamwangukia nani. Wengine wangeweza kuvumilia Thika mara mbili kwa wiki. Cucu Wangeci hangeweza. Aliishi Murera na mwanawe Njau, mjane anayefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo. Mwezi wa kwanza, nyumba ilipofungwa wiki moja ili mabati yabadilishwe, Njau alimfungia mama yake ndani kwa kufuli, kwa sababu Cucu husahau njia na aliwahi kuokotwa barabara kuu akitafuta shamba lililouzwa zamani. Siku ya tatu Cucu alianguka kando ya kitanda saa mbili asubuhi. Njau alimkuta jioni. Alikuwa bado sakafuni, amejikojolea, na alimwomba mwanawe msamaha kwa sababu ya sakafu. Njau alilisimulia hilo mlangoni mwa ukumbi akiangalia viatu vyake.

Mara mbili kwa wiki Thika. Siku zilizobaki, kufuli.

Naliaka alijaribu. Jioni ya siku ile kikombe kilipobaki msumarini, alimfuata Tabby ofisini, akasimama.

"Una nini?" Tabby aliuliza.

"Sukari imeisha," Naliaka akasema.

Tabby alikuwa ameomba kamati iwasikilize mara moja zaidi, na kamati ilikuwa imekubali: Alhamisi, saa tatu, Thika. Wazee saba walienda. Njau aliomba ruhusa kazini akamleta mama yake, na Naliaka alichukuliwa ili amsaidie kwenye ngazi. Walipoingia, Guka Kagwe alikuwa tayari ameketi peke yake kiti cha nyuma, kofia magotini.

"Amekuja kuona kama atalipwa pesa za kutuuza," Mzee Kahiga alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mbele.

Mwenyekiti, mama mmoja aliyeitwa Mutheu, aliwasikiliza kwa heshima. Tabby alizungumza. Njau alizungumza, akasema habari ya kufuli, na safari hii hakuangalia viatu. Kisha Mutheu akatoa karatasi ya manjano kwenye faili na kuiinua.

"Mama yangu ni mzee pia," alisema. "Nawaelewa. Lakini sisi tuliwauliza, na mlijibu. Vidole ishirini na vitatu. Leo mnasema hamkukubali. Kamati ishike lipi?"

"Tulidanganywa!" Mzee Kahiga alisimama, na fimbo yake ikaelekea nyuma. "Muulize yule! Karani! Anajua kalamu, anajua Kiingereza, anataka kukaa karibu na bintiye!"

Guka Kagwe alivaa kofia, akaivua tena. Mikono yake ilikuwa ikitafuta mahali pa kukaa.

Naliaka alihisi Cucu Wangeci akimshika mkono ili ainuke aone vizuri. Alimwinua, na kwa vile alikuwa tayari amesimama, hakuketi.

"Si yeye," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena.

"Ongeza sauti, dada," Mutheu akasema. "Jina lako?"

"Naliaka. Ninapika pale. Si Guka. Hivyo vidole nilivitia mimi. Nililoweka nikapaka mafuta, mmoja mmoja. Nilidhani ni karatasi ya mkate. Makau hakunidanganya, alieleza nikiwa jikoni. Wazee hawakukubali kitu. Walinipa mkono tu kwa sababu ni mimi."

Tabby alifumba macho.

"Haki ya Mungu," Mzee Kahiga alisema, akaketi taratibu kama mtu anayeketi kwenye maji baridi.

Wanakamati waliinamiana wakanong'ona kwa muda. Mutheu alipoinua kichwa, alisema karatasi ile haiwezi kutumika tena. Maafisa wangerudi Ruiru, na kila mzee angeulizwa kwa mdomo, kwa lugha yake, mtoto wake akiwepo. Mpaka hapo nyumba haitafungwa. "Lakini sijasema haitafungwa kamwe," aliongeza. "Msiende mkasema nilisema hivyo."

Nje, Tabby alimpita Naliaka. "Kesho uje mapema," alisema. "Tutaongea." Haikujulikana kwa sauti yake kama ni kazi au ni kufukuzwa.

Mzee Kahiga alikuwa amesimama mbele ya Guka Kagwe, akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. "Karani," alisema. "Nilikosa."

"Ulikosa," Guka Kagwe alijibu, na wakasimama hivyo, hakuna aliyeondoka.

Kisha Guka akamgeukia Naliaka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Msichana, mimi nimesoma karatasi za watu maisha yangu yote. Ungengoja siku moja tu, ningekusomea. Hata yule kijana ungemuuliza. Kwa nini hukuuliza?"

Cucu Wangeci alikuwa ameegemea bega la Naliaka. Njau alikuwa akitafuta gari. Naliaka aliangalia lami, kisha akamwangalia mzee usoni.

"Niliacha shule darasa la tano, Guka," alisema. "Sijui kusoma vizuri, na sijawahi kumwambia mtu. Kwenu ndipo mahali pa kwanza nilipopewa karatasi na wino nishike. Niliogopa mkijua mtavichukua."